Historia ya gari la magurudumu matatu na dipoziti ya baba mdogo

Nimepotea kidogo. Kazi za programu zilinibana, kuna mteja alitaka mfumo wake wa malipo ukamilike kabla ya mwisho wa mwezi, na mnajua mambo ya wateja. Leo sitaandika juu ya kompyuta, ingawa zitajipenyeza tu. Nataka kuandika juu ya tuktuk, au bajaji kama wanavyoziita ndugu zetu wa Tanzania.

Kisa kilianza kwa simu ya baba mdogo kutoka Manga. Kwa wasiopajua, Manga iko Nyamira, juu ya ule ukuta wa mlima unaouona ukiwa Kisii mjini. Ni nchi ya ndizi, majani chai na mvua karibu mwaka mzima, na barabara zake aidha zinapanda au zinateremka. Baba mdogo ni mweka hazina wa chama cha watu 11 wanaopeleka ndizi sokoni Daraja Mbili. Aliniambia kuna vijana wamekuja siku ya soko na tuktuk moja ya umeme, mpya, inang'aa, haina hata kelele. Wanataka shilingi 40,000 kwa kila tuktuk ili uingizwe kwenye orodha ya wateja wa kwanza. "Mwanangu, wewe ni mtu wa mitambo. Tulipe au tusilipe?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu chama hichohicho kiliwahi kulipa. Mwaka 2022 kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, ilichukua dipoziti ya tuktuk mbili ikaahidi kuzileta baada ya miezi mitatu. Miezi 14 baadaye walirudishiwa nusu ya pesa, kwa vipande vipande vya M-Pesa, kisha simu ikazimwa. Na aliyewaambia wakati ule kwamba kampuni inaonekana ya kweli ni mimi. Nilikuwa nimeangalia tovuti yao! Ilikuwa tovuti safi kabisa, inafunguka haraka. Mtu wa tovuti huangalia tovuti.

Basi safari hii nilimwomba baba mdogo anipe wiki moja. Nilisoma historia ya haya magari, na nitawasimulia niliyoyakuta.

Tuanzie Italia, mwaka 1948. Vita vimekwisha, nchi imebomoka, watu hawana pesa za lori. Kampuni ya Piaggio, ambayo zamani ilitengeneza ndege, ilikuwa tayari inauza skuta ya Vespa. Mhandisi wake Corradino D'Ascanio akaichukua skuta ile, akaiwekea magurudumu mawili nyuma na sanduku la mizigo. Injini ilikuwa ya cc 125, mzigo kilo 200. Wakaiita Ape, yaani nyuki, kwa kuwa Vespa ni nyigu. Angalieni jinsi ilivyozaliwa: injini ilikuwepo, kiwanda kilikuwepo, mafundi wa Vespa walikuwa kila mtaa. Kipya kilikuwa kidogo sana. Sisi waandishi wa programu tungesema walitumia tena kodi iliyokwisha kujaribiwa.

Nyuki huyo akavuka bahari. Kampuni ya Bajaj ya India, iliyoanza mwaka 1945 kama waagizaji wa skuta na magari ya magurudumu matatu, ilipata leseni ya serikali ya kutengeneza mwaka 1959, ikatengeneza kwa mkataba na Piaggio hadi mkataba ulipokwisha 1971. Na hapa kuna jambo lililonishangaza. Wateja wa Bajaj walilipa wakasubiri kuliko wateja wengine wote nitakaowataja leo. Skuta yao ya Chetak ilisubiriwa hadi miaka kumi! Serikali iliweka kikomo cha idadi ambayo kiwanda kingeweza kutengeneza, na skuta za nje hazikuruhusiwa kuingia kirahisi. Lakini mwishowe mteja alipata skuta yake. Kampuni haikuweza kufa kwa sababu foleni haikwisha. Leo jina la kampuni hiyo limekuwa jina la chombo chenyewe kuanzia Dar es Salaam hadi Mbeya.

Sasa twende kwa bwana mmoja ambaye watu wa kompyuta tunamheshimu, Clive Sinclair wa Uingereza. Huyu ndiye aliyewaletea Waingereza kompyuta za bei nafuu za ZX80, ZX81 na Spectrum mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waandishi wengi wa programu wa Ulaya walijifunzia hapo. Alikuwa na tabia moja: kutangaza kitu kabla hakijawa tayari na kupokea oda kwa posta. Januari 1984 alitangaza kompyuta ya QL, akaahidi kuifikisha kwa siku 28. Za kwanza zilitoka mwisho wa Aprili, na programu yake ya msingi ilikuwa haienei ndani ya mashine, kwa hiyo sehemu yake ikawekwa kwenye kidude kinachoning'inia nyuma. Watu walinung'unika, lakini walisamehe. Kompyuta yenye kasoro inakaa mezani, haimuui mtu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Januari 1985, katikati ya theluji ya London, akazindua C5. Magurudumu matatu, mtu mmoja, mota ya umeme ya wati 250 pamoja na pedali kama za baiskeli, bei pauni 399. Kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 24 kwa saa, kwa sababu sheria ya 1983 iliruhusu chombo cha namna hiyo kuendeshwa bila leseni na mtu yeyote wa miaka 14 na zaidi. Unalala chini kabisa, kichwa chako kiko usawa wa magurudumu ya lori. Ilitengenezwa Merthyr Tydfil, Wales, ndani ya kiwanda cha Hoover, wale wa mashine za kufulia. Zilitengenezwa takriban 14,000, zikauzwa kama 5,000 tu. Agosti mwaka uleule uzalishaji ukasimama, Oktoba kampuni ikawa mikononi mwa wafilisi. Aprili 1986 Sinclair akauza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad kwa pauni milioni 5.

Nilipiga hesabu kidogo, samahani, ni ugonjwa wa kazi. C5 na betri yake ilikuwa kilo 45. Mpandishe mtu wa kilo 80, uipeleke kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100. Wati 250 zote zikifanya kazi bila kupotea hata moja, utapanda kwa kilomita 7 kwa saa. Mama mwenye kikapu cha ndizi kichwani anakufuata nyuma tu, na wewe unakanyaga pedali. Manga ingeichekea C5.

Halafu Marekani. Huko nilijiuliza kwa nini kampuni changa nyingi za magari huchagua magurudumu matatu, maana kona zinakuwa kali na gari linapinduka kwa urahisi zaidi. Jibu liko kwenye sheria. Marekani gari la magurudumu matatu huhesabiwa pikipiki, kwa hiyo haliingii kwenye majaribio ya kugongeshwa ambayo magari lazima yapitie. Majaribio hayo ni ghali mno kwa kampuni isiyo na pesa. Gurudumu la nne ndilo lenye karatasi nyingi.

Ila karatasi hizo huuma pande zote mbili. Kampuni ya Aptera ya California, iliyoanzishwa 2006, iliomba mkopo wa serikali kwa ajili ya magari yasiyokula mafuta. Ikaambiwa hilo lako si gari, lina magurudumu matatu. Sheria ilirekebishwa 2009, lakini muda ulikuwa umekwenda, na Desemba 2011 Aptera ikafungwa. Jambo la kuwasifu ni kwamba kabla ya kufunga walirudisha dipoziti za wateja. Waanzilishi waliifufua 2019, safari hii na paneli za jua juu ya bodi, wakachangisha pesa kwa watu wa kawaida mtandaoni. Hadi mwisho wa 2024 hakuna mteja aliyekuwa amekabidhiwa gari.

Elio Motors nayo, ya Paul Elio, ilianza 2009. Ahadi ilikuwa dola 6,800 kwa gari jipya lenye injini ya petroli, na walipata nafasi katika kiwanda cha zamani cha General Motors huko Shreveport, Louisiana. Zaidi ya watu 60,000 walijiandikisha. Hapa someni polepole. Kulikuwa na dipoziti za aina mbili, kuanzia dola 100 hadi 1,000: ya kurudishwa na ya kutorudishwa. Aliyechagua ya kutorudishwa alipewa nafasi ya mbele kwenye foleni na punguzo la bei. Yaani mteja mwenye imani kubwa zaidi ndiye aliyefungiwa mlango wa kutokea. Mwaka 2017 tume ya magari ya Louisiana iliwapiga faini ya dola 545,000 kwa kuchukua dipoziti bila leseni. Hakuna gari hata moja lililomfikia mteja.

Arcimoto ya Oregon iliniuma kidogo kwa kuwa mwanzilishi wake, Mark Frohnmayer, ni mwenzetu. Alikuwa mwandishi wa programu za michezo ya kompyuta, akaanzisha GarageGames, ikauzwa, naye 2007 akaingia kwenye magari. Ilimchukua hadi 2019 kuwapa wateja magari ya kwanza. Lengo la bei lilikuwa dola 11,900; yaliuzwa kama 19,900. Januari 2023 kiwanda kilisimama kwa kukosa pesa. Na mwaka huohuo ElectraMeccanica ya Kanada ikawaita wenye magari yake ya Solo, yote 429, kwa sababu yalikuwa yanazimika barabarani. Hawakujua la kurekebisha, wakayanunua yote tena. Angalau walikuwa na pesa za kuyanunua.

Kwetu je? Kenya imejaribu zaidi ya magurudumu manne. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kutengeneza gari, yakatoka matano ya mfano, yakazinduliwa 1990, basi. Mobius, iliyobuniwa kwa ajili ya barabara mbovu za vijijini, ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafungwa, kisha mnunuzi akajitokeza. Nopea, teksi za umeme za Nairobi zilizoanza 2018, zilisimama Desemba 2022 na madereva waliozizoea wakarudi kwenye petroli. Tuktuk zinazozunguka Kisumu na Mombasa, kwa upande mwingine, ni za Bajaj, TVS na Piaggio, na klachi yake utaipata hata kwa duka lenye mlango mmoja.

Turudi mlimani. Tuktuk yenye mzigo wa ndizi tuseme ni kilo 650. Kuipandisha mita 100 kwenda juu kunahitaji karibu uniti 0.18 za stima, na ukihesabu zinazopotea kwenye mota na matope, weka robo. Safari zikikupandisha jumla ya mita 400, umekula uniti moja kwa kupanda tu, bado hujaenda mbele. Muuzaji anayesema "kilomita 100 kwa chaji moja" amepima mahali tambarare, pengine Nairobi, bila ndizi.

Kwa hiyo sikumjibu baba mdogo ndiyo wala hapana. Nilimwandikia maswali. Dipoziti itakaa wapi, kwenye akaunti ya nani, na itarudi lini ikiwa tuktuk haikuja? Karatasi iwe na sahihi. Betri ikifa, inauzwa na nani mwingine asiyekuwa nyinyi? Fundi wa karibu yuko wapi, kwa jina? Na la mwisho: tupakie ndizi zetu, tuipande barabara ya Manga, mvua ikiwa imenyesha.

Jana alinipigia. Vijana walirudi, wakajibu maswali mawili vizuri, la akaunti wakasema watauliza ofisini. La mlima walisema betri haikuwa na chaji ya kutosha siku hiyo, wangependa kuja tena Alhamisi. Wanachama wanne tayari wanataka kulipa kabla foleni haijajaa. Mzee mmoja, aliyepoteza fungu kubwa mwaka 2022, amesema yeye atapanda nyuma pamoja na ndizi ili ajionee.

Alhamisi ni kesho. Nimechukua ruhusa kazini, naondoka na gari la saa kumi na moja alfajiri. Nitawajulisha.