Jicho la Adui: Kamera na Shaka katika Battlestar Galactica

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa swali moja tangu mwaka wa kwanza: nani anasimulia? Tukishika riwaya, hatuendi mbali kabla ya kuuliza kama msimulizi ni mjuzi wa yote, au ni mhusika mmoja anayejua ya kwake tu, na kama maneno yake yanaaminika. Lakini tukikaa mbele ya televisheni, swali hilo tunaliacha mlangoni pamoja na viatu. Tunachambua kisa, tunachambua dhamira, tunawapanga wahusika wakuu na wadogo, halafu basi. Kamera, ambayo ndiyo inayotusimulia, hatuiulizi kitu.

Makala haya yanachukua tamthilia moja ya kisayansi ya Marekani, Battlestar Galactica ya miaka ya 2003 hadi 2009, na kudai kwamba usawiri wa wahusika wake hauwezi kueleweka bila kuihoji kamera. Ili dai hilo lisimame, hatuna budi kurudi nyuma kidogo kihistoria. Katika nusu karne hivi, kamera ya tamthilia za kisayansi ilishuka cheo. Ilianza kama shahidi anayemfichua adui, ikawa shahidi asiye na hakika, na mwisho ikawa jicho la adui mwenyewe.

Shahidi wa mwaka 1953

Tuanze Uingereza. Kati ya Julai na Agosti 1953, BBC ilirusha The Quatermass Experiment, tamthilia ya sehemu 6 iliyoandikwa na Nigel Kneale na kuongozwa na Rudolph Cartier. Iliigizwa moja kwa moja hewani kutoka studio za Alexandra Palace, London. Mwigizaji akikosea, amekosea mbele ya taifa zima. Kisa chenyewe ni cha roketi iliyopaa na watu 3 ikarudi na mmoja, Victor Carroon, na hata huyo mmoja si yule aliyeondoka. Kuna kitu kimemwingia huko angani, nacho kinambadilisha polepole. Kwa hiyo tangu siku zile za mwanzo, utanzu huu ulikwisha kuuliza: huyu tunayemwona mbele yetu ni mwenzetu kweli?

Lakini tazama nani anayetoa jibu. Katika sehemu ya mwisho, kiumbe kile kinagunduliwa ndani ya kanisa la Westminster Abbey, na kinachokigundua ni kamera za televisheni zilizokuwa zimekwenda kurusha kipindi kutoka kanisani humo. Mtazamaji wa wakati ule hakuhitaji maelezo. Tarehe 2 Juni ya mwaka huohuo, kamera za BBC zilikuwa ndani ya kanisa hilohilo zikimwonyesha Malkia Elizabeth II akivikwa taji. Kamera iliyomwonyesha malkia ndiyo sasa inayomwonyesha zimwi. Ni mtumishi wa umma, haina upande, na ikisema adui yupo pale, basi yupo pale.

Mwaka 1978: kamera inayojua yote

Turuke mpaka Septemba 1978. Kampuni ya televisheni ya ABC ya Marekani ilianza kuonyesha Battlestar Galactica ya kwanza, iliyobuniwa na Glen A. Larson. Star Wars ilikuwa imetikisa majumba ya sinema mwaka mmoja kabla, na John Dykstra, aliyeshughulikia picha za anga katika filamu hiyo, alishiriki pia katika hii. Maadui, yaani Cylon, walikuwa maroboti ya chuma kinachong'aa, na taa nyekundu ikienda huku na huku mahali pa macho. Hata mtoto mdogo aliwajua. Kamera ilitulia, taa zilimulika vizuri, na kila mhusika alikuja na sura inayolingana na moyo wake. Huyu ndiye msimulizi wetu mjuzi wa yote tunayemfahamu kutoka katika ngano: zimwi lina pembe, na shujaa ana kifua. Mtazamaji hakupewa kazi yoyote ya kushuku, maana kamera ilikwisha kushuku kwa niaba yake.

Kamera inaposhuka cheo

Desemba 2003, tamthilia ile ilirudi kwa sura mpya katika kituo cha Sci Fi Channel. Waasisi wake walikuwa Ronald D. Moore na David Eick, na mwongozaji wa sehemu za utangulizi alikuwa Michael Rymer. Moore alikuwa ametumikia Star Trek kwa miaka mingi, kule ambako kamera huteleza kwa adabu na skrini kubwa humwonyesha nahodha kila kitu kilicho nje. Katika Galactica mpya skrini ile imeondolewa. Watu wanatumia simu za waya, karatasi na kalamu, na kompyuta za chombo hazijaunganishwa, kwa kuogopa kwamba adui atapenya.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la adui. Cylon sasa wanafanana na binadamu. Wako wa aina 12, na nakala zao ni nyingi. Wanapenda, wanaugua, wanatoka jasho. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ndipo kamera ya 1978 ilipokosa kazi, kwa sababu msimulizi anayejua yote angelazimika kutuambia mapema nani ni nani, na kisa kingekwisha hapohapo. Wakachagua kamera ya begani, inayopumua na kuyumba, inayochungulia kutoka nyuma ya bega la mtu, inayochelewa kugeuka pale neno muhimu linaposemwa.

Mtindo huo haukuzaliwa siku hiyo. Asili yake ni filamu za hali halisi kama Primary ya mwaka 1960, iliyowezekana kwa sababu kamera zilikuwa zimekuwa nyepesi kiasi cha kubebwa katikati ya watu. Televisheni iliuingiza katika tamthilia za polisi, hasa Hill Street Blues iliyoanza 1981. Mwaka 2002, Firefly iliupeleka hadi angani: vyombo vilivyotengenezwa kwa kompyuta vilionyeshwa kana kwamba kuna mpigapicha anaelea huko nje, anawatafuta, anawapoteza, anavuta picha karibu na kuchelewa. Galactica ilirithi hila hiyo na kuipa kazi mpya.

Wapo watakaosema kamera ya mkononi ilikuwa fasheni tu ya miaka ile. Si walitikisa kamera katika 24 na The Shield pia? Ni kweli, walitikisa. Lakini huko mtikisiko unaashiria kasi: mambo yanakwenda mbio, shika kiti chako. Katika Galactica mtikisiko unaashiria kutojua. Hoja hii inahitaji mifano.

Wahusika chini ya macho yasiyotulia

Mfano wa kwanza ni namna chombo chenyewe kinavyotambulishwa kwetu. Kamera inapita katika njia nyembamba za Galactica kwa mkupuo mrefu, ikimfuata huyu, ikimwacha, ikimdaka yule. Miongoni mwa wanaotuongoza ni Aaron Doral, afisa uhusiano anayewatembeza waandishi wa habari, kwa kuwa chombo kinataka kugeuzwa makumbusho. Ni mtu wa kawaida, mwenye suti na tabasamu la kazi. Baadaye Doral anatuhumiwa kuwa Cylon. Anayemtuhumu ni Gaius Baltar, tena kwa kipimo cha kubuni, na tunamwonea huruma: maskini, anasingiziwa! Kumbe ni Cylon kweli. Ushahidi ulikuwa wa uongo, hukumu ikatokea kuwa sahihi. Na kamera ilikuwa naye tangu mwanzo, ikimfuata kama mgeni yeyote anavyomfuata mwenyeji wake.

Mfano wa pili ni sehemu iitwayo "33", iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 2005. Cylon wanashambulia kila baada ya dakika 33, na watu hawajalala kwa siku 5. Kamera inakusanya vitu vidogo: macho mekundu, ndevu zisizonyolewa, mkono unaotetemeka. Wahusika tunawajua kwa uchovu wao kabla ya kuwajua kwa hotuba zao. Kisha kinarudi chombo cha abiria, Olympic Carrier, kilichopotea kikiwa na watu zaidi ya 1,300, na inashukiwa kwamba ndicho kinachowaongoza maadui. Lee Adama anakipita ubavuni kwa ndege yake, akitazama madirisha. Kuna watu mle ndani au hamna? Kamera ya 1978 ingetupeleka mpaka kwenye kioo. Hii haitupi macho mazuri kuliko yake. Amri ya kupiga inatoka, naye anapiga, nasi tunabaki na mzigo uleule alio nao yeye.

Mfano wa tatu ni Sharon Valerii, rubani anayeitwa Boomer. Mwishoni mwa utangulizi tumeonyeshwa kwamba aina yake ni Cylon, lakini mwenyewe hajui. Katika sehemu ya "Water" anazinduka akiwa amelowa chapachapa, na katika mfuko wake mna baruti. Kamera inamsogelea mno, uso umejaa skrini, na uso huo hauna hila hata chembe. Hapa tunashuhudia ustadi mkubwa wa usawiri: tunamshuku kwa akili na tunamwamini kwa macho, yote kwa wakati mmoja. Siku anapompiga risasi Kamanda Adama, mwishoni mwa msimu wa kwanza, tunashtuka ingawa tulikuwa tukingojea.

Mfano wa nne ni "Flesh and Bone" ya mwaka 2005. Kara Thrace anamhoji Leoben, Cylon aliyekamatwa, kwa vipigo na kwa kumzamisha kichwa katika ndoo ya maji. Kamera iko karibu kiasi kwamba jasho lake ni hoja: mashine inatokaje jasho? Kabla ya kutupwa nje ya chombo, Leoben anamnong'oneza Rais Laura Roslin kwamba Adama ni Cylon. Tangu hapo, picha zilezile za Adama, zenye mwanga hafifu uleule na ukimya uleule tulioupenda, zinageuka maana. Uso wa mwigizaji Edward James Olmos haujabadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni anayetazama.

Je, mtikisiko ni ukweli?

Wahakiki wengi huishia kusema kwamba kamera ya namna hii inaleta uhalisia. Nafikiri tukikubali hivyo tumedanganywa. Mtazame Baltar na yule mwanamke aitwaye Six anayemtokea kichwani. Kamera inampiga Six picha kama inavyompiga mtu mwingine yeyote. Hana ukungu wala mwanga wa mizimu. Anatembea chumbani, anamshika Baltar bega. Halafu tunahamishiwa upande wa mtu mwingine aliyepo pale, na tunamkuta Baltar anaongea na hewa. Kamera ileile iliyojifanya ripota imetuonyesha kitu kisichokuwepo, tena bila kupepesa. Kuyumba kwake hakukuwa dhamana ya ukweli. Kulikuwa ni lafudhi tu, kama mtu anayeongea kwa kusitasita ili aonekane mkweli.

Jambo hili linafikia kilele katika "Final Cut", sehemu ya msimu wa pili iliyoongozwa na Robert M. Young, mtu aliyewahi kutengeneza filamu za hali halisi. Wanajeshi wamewaua raia katika chombo cha Gideon. Mwandishi wa habari, D'Anna Biers, anapewa ruhusa ya kuingia kila mahali ndani ya Galactica na kamera yake. Wahusika tuliowazoea wanageuka mbele ya lenzi yake: wengine wanajitetea, wengine wanajisifu, wengine wanakaribia kulia. Filamu yake inatoka nzuri na ya haki, inawapa askari utu wao, na chini yake unapigwa muziki wa tamthilia ile ya 1978 kama wimbo wa taifa. Kisha tunahamishiwa katika jumba la sinema kwenye sayari iliyotekwa, ambako Cylon wameketi wanaitazama filamu hiyohiyo. D'Anna ni mmoja wao.

Linganisha na Westminster Abbey. Mwaka 1953 kamera ya televisheni iliingia mahali patakatifu ikamkuta zimwi. Mwaka 2005 zimwi ndilo lililoingia na kamera, likatupiga picha sisi, na picha zikatoka za kweli kabisa. Hilo ndilo linalouma zaidi: D'Anna hakudanganya. Adui anaweza kusema kweli kwa makusudi yake, na mwenzetu Baltar anaweza kusema uongo akamtaja mkosaji halisi.

Hitimisho

Mambo haya hayakubaki burudani. Tamthilia ilitengenezwa Marekani ilipokuwa vitani Irak, na mjadala wa mateso ya wafungwa ukiwa mkali. Tarehe 17 Machi 2009, siku chache kabla ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa, Umoja wa Mataifa uliwaalika watengenezaji na waigizaji wake New York kuzungumzia haki za binadamu na vita. Sababu inaeleweka. Tamthilia hii ilimfanya mtazamaji aonje utamu wa kushuku, kisha ikamwonyesha ndoo ya maji ambayo shaka huishia kwake.

Kwetu sisi wahakiki kuna fundisho la kazi pia. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, na picha inayotikisika huaminiwa haraka kwa sababu tu inatikisika. Macho hayana pazia, walisema wahenga, lakini kamera inalo: kuna aliyeamua isimame wapi, iwashwe saa ngapi, na izimwe lini. Kwa hiyo lile swali la mwaka wa kwanza, la nani anasimulia, tulipeleke mpaka kwenye skrini, na tuliongezee la pili: anayesimulia yuko upande gani? Kama kuna mwenzetu anayeona kwamba kamera haistahili kuitwa msimulizi, kurasa hizi ziko wazi. Na aje na mifano.