Mwalimu Mgeni na Mwalimu Mwenyeji: Kazi ya Kufundisha katika Mbulu na Hanang

Utangulizi

Historia ya Kanisa katika nchi yetu imezoeleka kuandikwa kwa kuhesabu majengo na kutaja viongozi. Tunaambiwa mwaka ambao kituo kilifunguliwa, mwaka ambao hospitali ilianza kupokea wagonjwa, na jina la aliyesimamia kazi. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Katika makala hii tunakusudia kuangalia jambo lililo dogo zaidi kwa sura, yaani siku ya kazi ya mwalimu aliyetoka ng'ambo kwa kujitolea akaja kufundisha katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara. Tunauliza maswali matatu. Mwalimu huyo alifanya nini tangu asubuhi hata usiku? Alifanya kazi hiyo pamoja na nani? Na alipoondoka, kazi ilibaki mikononi mwa nani? Twaona kwamba swali la tatu ndilo kipimo cha hayo mawili ya kwanza.

Nchi na lugha zake

Mbulu ni nchi ya vilima na baridi, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Kusini yake umesimama mlima Hanang, wenye kimo cha meta zipatazo 3,400, na chini yake ni mbuga za malisho na maziwa ya magadi. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Pamoja nao wanaishi Wadatoga, wakiwamo Wabarabaig wa Hanang, ambao ni wafugaji wenye lugha ya Kiniloti. Katika bonde la Yaeda wamo Wahadza, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu kwa hakika. Wapo pia Wanyiramba, Wanyaturu na wengine wasemao lugha za Kibantu. Ni sehemu chache sana za Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali kiasi hiki hukutana katika eneo dogo namna hii.

Jambo hili lilikuwa na maana kubwa darasani. Mwalimu mgeni alifundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo kwake ilikuwa ya kujifunza ukubwani. Mtoto wa Kiiraqw au wa Kibarabaig aliyeketi mbele yake naye hakuzaliwa nayo. Basi mwalimu na mwanafunzi walikutana katika nyumba ya tatu, ambayo haikuwa ya mmoja wao. Tusipokumbuka hilo hatuwezi kuelewa ni kwa nini kila mwalimu mgeni alimhitaji mwalimu mwingine kando yake.

Jinsi walimu walivyofika

Wamisionari wa Kikatoliki walitangulia, wakifungua kituo cha Tlawi mwaka 1907. Kwa upande wa Walutheri, kazi ilianzia kusini. Misheni ya Leipzig, iliyokuwa Kilimanjaro tangu mwaka 1893, ilifika Iramba mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kazi ya Iramba na Unyaturu ilishikwa na Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana katika miaka ya 1920. Huko Kinampanda walianzisha mafunzo ya walimu, na kutoka Iramba kazi ilisogea kaskazini hadi Mbulu. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja Wanorwe. Chama chao cha misheni kilianzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya Uchina. Mlango wa Uchina ulipofungwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1949, watumishi wake walitafuta nchi nyingine, na Mbulu ikawa mojawapo. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo tunda lao lijulikanalo zaidi.

Siku ya kazi

Siku ya mwalimu mmisionari ilianza kabla ya jua kupanda. Kengele, ambayo mara nyingi ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, iliita watoto waliokuwa wamekwisha kutembea mwendo mrefu kwenye umande. Baada ya sala na wimbo, majina yaliitwa. Kisha yalifuata masomo ya kusoma, kuandika na hesabu, pamoja na Katekisimu Ndogo ya Luther na hadithi za Biblia. Katika madarasa ya juu kiliongezwa Kiingereza. Adhuhuri watoto walishika majembe katika shamba la shule, au walichota maji na kutafuta kuni.

Mchana wa mwalimu ulikuwa na kazi nyingine. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango kilichowekwa na kukaguliwa. Kwa sababu hiyo mwalimu mgeni alitumia saa nyingi kwa madaftari ya mahudhurio, hesabu za fedha na taarifa za mkaguzi. Mlangoni pake walisimama wenye vidonda na homa, wazazi waliotaka kuzungumza juu ya karo, na mjumbe mwenye habari kwamba gari limekwama katika matope. Usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli, alisahihisha madaftari, akajifunza ngeli za Kiswahili, kisha akaandika barua kwa wale waliomtuma.

Yalikuwapo pia mambo ambayo hakuna chuo cha ng'ambo kilichomfundisha. Kiti cha mtoto kiliweza kuwa kitupu kwa muda mrefu. Huenda ilikuwa zamu yake ya kuchunga ng'ombe. Huenda nyumba yao ilikuwa imepatwa na jambo ambalo kwa desturi ya Wairaqw huwaweka watu katika metimani, yaani kutengwa ili wasichangamane na majirani. Mgeni aliandika katika daftari kwamba mtoto ni mtoro. Mwenyeji alijua kwamba si utoro.

Asiyeandikwa katika barua

Hapa ndipo tunapofika kwenye moyo wa makala hii. Barua na taarifa za wamisionari zimehifadhiwa ng'ambo katika nyaraka za misheni, na siku ya mwalimu mgeni yaweza kusomwa humo. Lakini shule nyingi za kwanza hazikufundishwa na mgeni. Zilikuwa shule ndogo za vijijini, chini ya mti au katika tembe, zisizopata ruzuku, ambazo mwinjilisti mmoja alizifundisha juma zima na kuhubiri siku ya Bwana. Mmisionari alizitembelea mara chache kwa mwaka. Mwinjilisti aliishi hapo, akalima hapo, akazikwa hapo. Katika taarifa nyingi anatajwa kwa tarakimu tu: walimu wenyeji, idadi fulani.

Tazameni kazi aliyoifanya. Wairaqw humwita Mungu Looaa, na jina hilo katika lugha yao ni la jinsi ya kike. Wanazo pia habari za Neetlaangw, pepo wa ardhini na wa majini wanaoogopwa. Mgeni alipofundisha kwa Kiswahili juu ya Mungu aliye Baba, mtoto alipokea neno hilo akiwa na jina la Looaa masikioni mwake. Ni nani aliyejua kile mtoto alichokisikia? Ni nani aliyejibu swali lake njiani wakirudi nyumbani, au swali la bibi yake jioni penye moto? Alikuwa mwalimu mwenyeji. Tafsiri hiyo, ambayo sisi katika vyuo tunaiita kwa majina marefu ya kitaaluma, ilifanywa kila siku na watu waliosoma madarasa machache, na haikuandikwa mahali popote.

Hatusemi hayo ili kumdharau mgeni. Wako waliolitambua jambo hili wakageuka kuwa wanafunzi. Mfano mmoja ni Howard Olson, Mmarekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946, akafanya kazi katika nchi ya jirani ya Wanyaturu na kuichunguza lugha yao. Baadaye alifundisha Makumira kuanzia mwaka 1964 hadi 1988. Huko alikusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika, na nyingi tunaziimba hadi leo. Alikuja kufundisha, lakini kilichodumu zaidi ni kile alichokubali kufundishwa.

Mwaka 1969 na baada yake

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali. Wako walioomboleza wakidhani kwamba kazi ya miaka mingi imepotea. Lakini shule hazikufungwa. Kengele iliendelea kugongwa, na aliyeigonga alikuwa mwalimu mwenyeji, ambaye sasa alilipwa na serikali. Wakati Elimu ya Msingi kwa Wote ilipotekelezwa mwaka 1977, mzigo huo wote ulibebwa na wenyeji. Kwa maneno mengine, mwaka 1969 uliuliza swali letu la tatu, na jibu likaonekana.

Mwalimu mgeni alibaki katika shule za Biblia, kama ile ya Waama, na katika seminari. Katika Hanang aliwakuta wageni wa namna nyingine pia. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa huko Basotu kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao bora, hata wakapeleka mashauri mahakamani. Mfugaji aliyefukuzwa katika ardhi yake hakuwa na sababu ya kutofautisha upesi kati ya mgeni mwenye trekta na mgeni mwenye chaki. Mwalimu aliyetaka kusikilizwa alipaswa kwanza kujua mambo hayo.

Tangu miaka ya 1980, shule za sekondari za binafsi na za makanisa zilipoongezeka, mgeni wa kujitolea alirudi darasani kufundisha Kiingereza, hisabati na sayansi. Safari hii hakuja kwa maisha yote, bali kwa mwaka mmoja au miwili, na wengine kwa miezi michache. Hana mamlaka ya wale wa kwanza, na hilo ni jema. Lakini pia hana muda wao wa kujifunza lugha, na hilo lina hasara.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunatoa mashauri mawili kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia. La kwanza ni kwamba usharika au shule inayompokea mwalimu wa kujitolea impe mwalimu mwenzake kabla ya kumpa nyumba. Wafundishe darasa moja pamoja, waende pamoja kuwatembelea wazazi, na mgeni asihesabiwe kuwa ameanza kazi mpaka ameweza kuwasalimu wazee wa mahali hapo kwa lugha yao. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Agizo hilo halitimizwi na mtu anayefanya kazi peke yake.

La pili ni la haraka zaidi. Watoto waliofundishwa katika shule za vijijini kabla ya mwaka 1969 sasa ni wazee, na walimu wao wamebaki wachache mno. Mwanafunzi wa theolojia anayekwenda likizo Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu anaweza kuchukua daftari na kuwauliza wazee hao: nani alikufundisha kusoma, alitoka wapi, alilipwa nini, alizikwa wapi? Aandike majina hayo, kisha ayakabidhi kwa usharika na kwa maktaba ya chuo. Barua za wageni zitaendelea kutunzwa ng'ambo. Habari za wenyeji zimo vichwani mwa wazee tu, na kila mazishi yanapunguza sehemu yake.