Gharama za Banda la Uani Dar es Salaam
Katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yaani ile yenye ukumbi unaoanzia barazani na kutokea uani huku vyumba vikipangwa pande zote mbili, banda la uani lilikuwa kwanza mahali pa jiko, choo na stoo, na kadiri wahamiaji walivyoongezeka mjini ndivyo lilivyogeuzwa makazi ya ndugu na wapangaji. Gharama ilikuwa nafuu maadamu kuta zilikuwa za miti iliyosimikwa ardhini, ikafungwa fito na kukandikwa udongo uliochimbwa papo hapo, hivyo fedha taslimu zilihitajika hasa kwa boriti za mikoko, makuti na ujira wa fundi wa kupaua. Hata hivyo, makuti yalioza na mchwa walikula miti, na matengenezo hayakuisha.

Saruji ilibadili hesabu hiyo, hasa baada ya kiwanda cha Wazo Hill kuanza uzalishaji mwaka 1966. Mwenye nyumba asiye na mkopo wa benki alinunua mifuko michache, akafyatua matofali uani, akayamwagilia maji siku kadhaa yasipasuke, kisha akayapanga kando hadi apate fedha za msingi. Sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ililenga majengo makubwa; mabanda yakaendelea kujengwa chumba kwa chumba, kodi ya cha kwanza ikilipia mabati ya cha pili, na wajenzi hao, waliohifadhi maelfu ya wakazi, wanastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya jiji.