Njia ya Shahada Iliyopitia Uwanjani

Aprili 1988, Ibrahim Hussein wa Kapsabet alimpiku Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston. Wengi wanaikumbuka sekunde hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba mshindi alikuwa amesomea uchumi katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Ukanda wa Eldoret, ambamo Kapsabet imo, ulikuwa ukiwasomesha viongozi wake ng'ambo kwa nguvu za miguu miaka mingi kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kuanzishwa mwaka 1984.

Mlango ulifunguka kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott waliporudi na dhahabu, makocha wa vyuo vya Marekani wakaanza kuwasaka vijana wa Bonde la Ufa. Chuo cha Washington State kiliwapata Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka uliofuata. Mtoto wa mfugaji wa Nandi hakuwa na karo ya Marekani. Alikuwa na mapafu. Kwa maoni yangu, aliyeutumia mlango huo vizuri kuliko wote ni Mike Boit, mshindi wa shaba ya Munich 1972. Alisoma Eastern New Mexico, akaendelea hadi uzamivu, akarudi kuwa Kamishna wa Michezo na profesa wa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Kisha pesa zikaingia. Katika miaka ya 1980 mbio za barabarani zilianza kulipa waziwazi, na vyuo vya Marekani vikabana umri wa wanariadha wa kigeni. Mkimbiaji akaliruka darasa, akaenda moja kwa moja kwa wakala. Eldoret ikapata majengo, kama Komora la Moses Kiptanui, na biashara zilizoajiri watu wengi. Hilo ni jema. Ila utunzaji wa dola wakimbiaji waliusomea sokoni bila mwalimu, na wapo mabingwa waliostaafu mikono mitupu.

Mwaka 2004 Boit, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, walianzisha mradi wa KenSAP. Safari hii alama ya A ilitangulia: waliofaulu vizuri sana walikimbizwa mita 1,500, kisha wakaandaliwa kwa mitihani ya vyuo vya Marekani. Baadhi yao waliingia Harvard na Yale kwa ufadhili.

Mwaka 2021 kaunti ya Uasin Gishu nayo ikaanza kupeleka vijana Finland, lakini kwa karo za wazazi. Kufikia 2023 wazazi, wengine wakiwa wameuza mashamba na ng'ombe, waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha zao, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Kaunti iliyo na Boit na Hussein jirani ilipaswa kuwaita mezani kabla ya kuomba shilingi ya kwanza.