Mhasibu na Masuuli

Katika taarifa za habari za Kenya husikika kwamba "afisa mhasibu" wa idara fulani ameitwa mbele ya kamati ya bunge kuhusu matumizi ya fedha. Msikilizaji wa Kitale humfikiria karani aliyeinamia vitabu vya mapato na matumizi. Kumbe anayeitwa huenda ni mtaalamu wa kilimo au daktari ambaye hajawahi kufanya mtihani wowote wa uhasibu.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, waziri wa fedha wa kaunti ndiye huteua, kwa maandishi, maafisa wahasibu hao, wa kusimamia fedha za kila idara. Kwa kawaida huwa ni maafisa wakuu wa idara hizo. Bodi ya utumishi wa umma huwashindanisha wanaoomba kazi ya afisa mkuu na kupendekeza waliofaa, gavana huteua miongoni mwao, kisha bunge la kaunti huidhinisha. Ndivyo inavyotakiwa Trans Nzoia, na ndivyo inavyotakiwa Bungoma.

Mhasibu ni mtu mwingine. Jina lake linatokana na hesabu, na taaluma yake ina mlango wake: mitihani ya KASNEB, bodi iliyoundwa 1969, halafu uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya. Anayepita hapo huandika CPA mbele ya jina lake, kama daktari anavyoandika Dkt. Heshima hiyo ni ya haki, kwani mitihani yenyewe si lelemama.

Lakini cheti kinathibitisha ujuzi tu. Bungoma wanaikumbuka vyema kashfa iliyofichuka 2015, ya wilibaro 10 zilizonunuliwa kwa shilingi 109,320 kila moja. Zidisha upendavyo, jumla ni 1,093,200, wala kimahesabu hakuna kosa. Wananchi walitaka kujua jambo ambalo kikokotoo hakiwezi kulijibu: ni nani aliyeidhinisha bei hiyo, na kwa nini?

Mtu wa kujibu swali hilo ana jina Tanzania Bara na Zanzibar. Huitwa afisa masuuli. Neno hilo limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa swali na suala. Masuuli ni mwenye kuulizwa. Halidai kwamba anajua kufunga hesabu za mwaka. Linasema kwamba fedha zikipotea, hatajificha nyuma ya mhasibu wake. Katiba ya Kenya ya 2010 ina roho hiyohiyo. Kifungu cha 226 kinamtaka afisa huyo awajibike kwa bunge, na kinasema mwenye ofisi ya umma aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo hata akiwa ameshaondoka kazini.

Kwa hiyo naomba wahariri, makarani wa mabunge na bodi za kaunti tulichukue neno masuuli bila kusitasita. Si geni, ni Kiswahili cha jirani zetu. Tukilizoea, hata usaili utabadilika. Anayeomba kuwa afisa mkuu wa fedha ataonyesha vyeti vyake, kisha ataulizwa: ni malipo gani uliwahi kukataa kutia saini, na ulimweleza nini mkubwa wako? Asiye na jibu bado anaweza kuwa mhasibu hodari. Umasuuli apewe mwingine.