Jinsi Watu wa Kale Walivyokinga Mti na Maji

Mlango wa kapela ukioza, watu husema, "Umezeeka." Sivyo. Mti hauozi kwa sababu ya miaka. Mwaka 1922 lilifunguliwa huko Misri kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyezikwa miaka zaidi ya 3,200 kabla yake. Ndani yake vilikutwa viti, vitanda na masanduku ya mti, navyo vizima, kwa kuwa mahali pale ni pakavu. Kinachoozesha mti ni maji. Ubao ukikaa na maji, kuvu huota ndani yake na kuula. Ndiyo maana tangu kale watu waliojenga kwa mti walitafuta dawa ya kuyazuia.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6, twasoma ya kuwa Mungu alimwagiza Noe aipake safina lami, ndani na nje. Watu wa nchi za mito Tigri na Eufrate waliijua sana lami hiyo inayotoka ardhini, nao waliipaka mashua zao.

Mafundi wa pwani ya Afrika ya Mashariki walitumia vitu vya kwao. Katika nafasi zilizo kati ya mbao za jahazi walisindika pamba yenye mafuta. Kazi hiyo huitwa kukalafati. Mbao za juu walizipaka sifa, ndiyo mafuta ya papa, ingawa harufu yake iliwachukiza abiria. Sehemu ya chini, ile inayokaa majini, waliipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili funza wa baharini wasiitoboe. Lakini deheni haidumu. Kwa hiyo bahari ilipokupwa na jahazi kulala mchangani, mabaharia walilikwangua na kulipaka upya. Na baada ya miezi michache, tena. Nahodha mvivu aliliona jahazi lake likiliwa.

Ziwa letu la Tanganika nalo lina mfano wake, ijapokuwa ni wa chuma. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipoondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mashine zile zilikuwa zingali zafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafuta yalitangulia, maji yakafuata. Kama maji yangalitangulia, mafuta yasingalifaa kitu.

Basi sisi wa milima ya Kilembwe, tunaonyeshewa mvua tangu Septemba mpaka Mei, tujifunze kwao. Maji huingia hasa katika ncha za ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno, kwa maana mishipa ya mti iko wazi pale kama mirija. Nasi twapaka rangi uso wa mlango unaoonekana na watu, tukauacha ukingo wa chini, unaorushiwa matone kila mvua inyeshapo. Tena mara nyingine twapaka rangi ubao ungali na unyevu. Hapo tumeyafungia maji ndani, na baada ya muda mfupi rangi hutoka magamba.

Kazi hii ni ya kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, mti ukiisha kukauka vema. Mawese hayafai, maana hayakauki juu ya ubao. Hunata tu na kushika vumbi. Mafuta ya kitani ni mengine: yakipata hewa hugeuka kuwa ngozi ngumu. Yapakwe kwa wembamba, mara mbili au tatu, pande zote, na ncha zinyweshwe mpaka zikatae. Kisha kila mwaka yarudiwe.

Mlango mpya ni mvule mwingine ulioangushwa, na mvule hukua miaka mingi kuliko umri wa aliyeukata. Tena hununuliwa kwa sadaka za wajane na wakulima. Kiangazi kitakapofika, ndugu zangu, uondoeni mlango wa kapela katika bawaba zake, mtazame ukingo wake wa chini.