Kabla Useme Korti Inapendelea Wamama, Pitia Hii Historia Kwanza

Kila nikiandika kuhusu ndoa kuvunjika, najua maoni yataenda wapi. Wanaume watasema korti za Kenya ziko upande wa wamama. Wamama watasema baba mtoto alizima simu kitambo. Wote wana machungu ya kweli na sicheki mtu. Lakini hii vita hatukuianza sisi, na ukijua ilikotoka utaelewa kwa nini maneno mengine hayana uzito ukifika mbele ya hakimu.

Tuanze na ng'ombe. Katika jamii nyingi za Kenya zinazofuata ukoo wa baba, mahari ndiyo ilikuwa inasema mtoto ni wa nani. Ng'ombe wakishafika kwa kina msichana, watoto ni wa boma la mume. Mama akirudi kwao anaweza kwenda na anayenyonya, lakini mtoto akikua kidogo, wazee wanamfuata. Mahari isipolipwa, mara nyingi watoto walihesabiwa kwa baba ya msichana. Wadigo wa Kwale walikuwa na yao: zamani ukoo ulipitia kwa mama, na mjomba ndiye alikuwa na sauti. Kwa hivyo mtu akikuambia "kwa Mwafrika mtoto ni wa baba", muulize Mwafrika gani. Halafu ona kitu kimoja: swali lilikuwa mtoto ni wa ukoo upi. Nani anamshika usiku akiwa na homa halikuwa swali, maana boma lilijaa nyanya na mashangazi. Leo uko bedsitter Kahawa West na hakuna shangazi hata mmoja.

Na usidhani Mwingereza alituletea kitu bora. Kwao pia mtoto alikuwa wa baba, maneno yameisha. Mwanamke anayeitwa Caroline Norton alinyang'anywa watoto wake watatu na mumewe miaka ya 1830, akaandika na kupiga kelele mpaka Bunge la huko likapitisha sheria ya 1839 iliyomruhusu mama kuomba akae na mtoto wa chini ya miaka 7. Kuomba tu. Polepole wazo likageuka, mtoto mdogo akaonekana ni wa mama, na ndivyo lilivyotufikia. Kesi ya Wambwa dhidi ya Okumu ya 1970 bado inatajwa na mawakili wetu: mtoto mchanga akae na mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kipekee ya kumkataa.

Sasa hapa ndipo mimi huchemka. Mwaka 1959, wakati wa mkoloni, kulikuja sheria iliyomruhusu mama ambaye hajaolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe pesa ya matunzo. Ilidumu miaka 10 tu. Juni 1969 Bunge la Kenya huru, wanaume watupu, likaifuta. Hoja zao ungezisikia leo kwa kijiwe chochote: eti wasichana wanashika mimba makusudi wapate pesa, eti hayo ni mambo ya Wazungu. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, aliingia mwisho wa mwaka huohuo. Alikuta kazi imeisha.

Ikapita zaidi ya miaka 30. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kufanya kazi Machi 2002, ilirekebisha mengi lakini ikaacha shimo. Kama hamkuwa mmeoana, jukumu la kwanza lilikuwa la mama. Baba angelipata kwa kwenda kortini, kuandikiana na mama, kuishi naye miezi 12 baada ya mtoto kuzaliwa, kumkubali mtoto kuwa wake, au kumtunza. Yaani kifungu kilekile kilichomwachia mama mzigo peke yake ndicho kilimfungia nje baba mwenye nia njema. Wanaume, hapo mna hoja na naikubali. Lakini aliyechimba hilo shimo si mama ya mtoto wako. Ni mawazo yaleyale ya waheshimiwa wa 1969, kwamba mtoto wa nje ya ndoa si shughuli ya mwanaume.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikakata hayo maneno: mama na baba wana jukumu sawa, wawe wameoana au la, na maslahi ya mtoto yanatangulia yote. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema sheria ya 2001 hapo inagongana na Katiba. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikaandika hilo jukumu sawa waziwazi.

Sasa "sawa" si ati wiki kwako wiki kwangu. Hakimu anauliza nani amekuwa akimlea, shule iko wapi, kuna anayemuumiza, na mtoto mwenyewe anasema nini kama amefika umri wa kujieleza. "Nililipa mahari" haikubebi mbali. "Mimi ndiye nilizaa" pia ina mwisho wake. Na kuona mtoto na kutoa matunzo ni mambo mawili tofauti: kumficha mtoto ocha juu pesa haijaingia, au kukata pesa juu umenyimwa mtoto, yote mawili yanakuharibia kesi.

Mnaweza hata kukubaliana mbele ya afisa wa watoto au wakili, makubaliano yaandikwe, kisha korti iyapitishe yawe amri. Mkifika hapo andikeni vitu vidogo pia: nani analipa nauli ya shule, nani anapigiwa simu na mwalimu, Desemba mtoto anaenda kwa nyanya yupi. Meseji nyingi mnazonitumia, ugomvi huanzia hapo kwa Desemba.